Leo Salama Haipokelewi

Jumatatu ya kwanza ya mwaka huu, ofisini kwetu hapa Sumbawanga mjini, aliletwa mtaalamu wa kutufundisha namna ya kutunza afya ya akili tunapoanza mwaka. Kijana mzuri, suti imemkaa. Akatugawia vikaratasi, akaomba kila mtu aandike anavyojisikia moyoni, bila kuweka jina. Alipovikusanya akaanza kutusomea: niko poa, namshukuru Mungu, niko vizuri, poa, poa tena. Ofisi nzima, hakuna hata mmoja mwenye neno. Mimi nami niliandika niko vizuri, na nilikuwa na wiki mbili silali sawasawa. Nikainamisha kichwa nikacheka peke yangu, maana nilimkumbuka bibi. Bibi angevitia motoni vikaratasi vyote vile.

Kijiji chetu kiko huku huku juu, Ufipa, mwendo wa saa moja na nusu kwa bodaboda kama barabara haijaharibika. Nilikulia kwa bibi, mama yake baba, mimi na mdogo wangu pamoja na wazazi wetu. Januari ya kwetu si mwezi wa kuchezea. Ukungu unaingia mpaka jikoni, tope linakuvua kandambili, mahindi ya zamani yamebaki kidogo chini ya kihenge na mapya bado yanafika magotini. Lakini mimi niliupenda mwezi ule kwa sababu ya uyoga, kumbikumbi wa kukaanga na moshi wa kuni mbichi uliotutoa machozi tukisingiziana nani kaanza kulia. Na niliipenda zaidi siku yake ya kwanza.

Siku hiyo, tukirudi misani na viatu vyetu mkononi, bibi alituketisha kuzunguka mafiga, akaweka chungu cha togwa ya ulezi katikati, kisha akatangaza sheria yake: leo salama haipokelewi. Unatujua tulivyo. Mtu ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu nzuri tu, ila mzee amefariki. Bibi alisema mwaka mzima tudanganyane tu, hakuna shida, lakini siku moja lazima mtu aseme alivyoamka kweli. Aliuliza kwa Kifipa, kwa sababu kwake Kiswahili kilikuwa cha ofisini na mtu angeweza kujificha ndani yake. Alianza na mdogo kabisa akapanda juu. Ukishasema, hakukupa ushauri wala hakukuombea. Alijibu neno moja, nimesikia, akakumiminia togwa.

Mengi yaliyosemwa pale yalikuwa ya kuchekesha. Mwaka mmoja jirani yetu mfugaji, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Kanda ya Ziwa, alikuja kutuletea maziwa, bibi akamkalisha naye aulizwe. Mzee wa watu alizungusha kofia mkononi, akakiri kwa Kiswahili chake kwamba baridi ya Ufipa inamdhalilisha, analala na makoti mawili na mkewe anamcheka. Bibi akamwambia amesikia, akammiminia togwa kama sisi. Tangu hapo hakukosa kuja.

Kisha ukaja mwaka ambao baba alifariki wakati wa kuvuna mahindi, baada ya kuugua siku chache tu. Nilikuwa darasa la tatu. Watu walipokuja kutoa pole walimwambia mama ajikaze, na kweli alijikaza mpaka akasifiwa kijiji kizima. Alilima, alipika, alifua, alitusukuma shuleni. Lakini chakula hakikumpita kooni, na jioni ungemsemesha mara tatu ndipo ageuke. Kila tulipokwenda kisimani alfajiri alilia njia nzima, akaosha uso kwa maji ya kwanza, akaniambia hayo ni ya kwetu wawili, nisiyapeleke nyumbani. Nami niliyabeba. Baba nilikuwa nimeshampoteza, na niliona mama naye anaondoka taratibu huku bado ananisuka nywele.

Siku ya mwaka mpya tukaketi kama kawaida. Mdogo wangu akasema yeye ana njaa, akasikiwa. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kuhusu mwalimu wetu wa hesabu na fimbo yake, lakini bibi aliponitazama nikasikia mdomo wangu ukisema naogopa, mama analia kila siku kisimani na amenikataza kusema. Nilipomaliza nilijikunyata nikisubiri kofi. Halikuja.

Mama alisukuma kuni motoni. Kisha akasema, "Ni kweli, mama. Nimechoka. Kila mtu ananiambia nijikaze, sijui nikaze wapi tena."

Bibi akasema amesikia, akachukua kata ammiminie. Mama hakuipokea. Akafanya jambo ambalo katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kulifanya pale, kwa sababu mkubwa huamkiwa, hapelelezwi.

"Na wewe mama, umeamkaje?"

Bibi aliirudisha kata ndani ya chungu. Alisema, "Bado napima unga wa watu watano."

Ndipo nikaelewa. Tangu msiba, kila asubuhi kulikuwa na kiporo cha ugali, nami nilikuwa nakila na chai ya rangi nikiona tumetajirika. Nilimpenda bibi kuliko mtu yeyote, na haikunijia hata siku moja kwamba yule tuliyemzika alikuwa mtoto wake. Mama alisogea akaketi karibu naye, wakalia pamoja, kwa sauti, bila mtu kumwambia mwenzake ajikaze. Mdogo wangu aliona nafasi hiyo, akamaliza togwa yote.

Sitakudanganya kwamba mama alipona siku ile. Bibi alimpeleka zahanati mara kadhaa, na zipo asubuhi alizoshindwa kuamka. Lakini wiki ile ile walitoka wawili kwenda kubomoa matuta ya mwaka uliopita, yale yaliyofukia majani yakaoza, wakapanda ulezi, na nilipowapelekea viazi shambani nilimkuta mama anakula huku anaongea. Nilisimama mbali kidogo nikamtazama tu.

Kuanzia hapo kumuuliza bibi ikawa kazi yangu, zamu ya mwisho. Alinijibu kweli kila mwaka: mgongo, hofu ya kufa wakati wa mvua, hamu ya kumwona dada yake. Siku hizi jiko lile limeshaanguka, mama yuko nami hapa mjini, mtaa wa Chanji, na yule jirani mfugaji alishahama na ng'ombe wake. Asubuhi ya mwaka mpya simu inajaa picha za maua.

Mwaka niliokuwa chuoni Mbeya sikurudi likizo. Siku ya mwaka mpya nilimpigia bibi kwa simu ya jirani yake mmoja, upepo unavuma, tunasikilizana kwa shida. Nikamwamkia, nikamtakia heri ya mwaka mpya. Akaitika marahaba, kisha akanyamaza kidogo kama mtu anayesubiri zamu yake. Nikadhani mtandao umekatika, nikakata. Kwaresima ilipoanza niliitwa kwenda kumzika.

Nilimsalimia vizuri sana siku ile. Sikumuuliza.