Kimya Ndani ya Kaske

Mkitaka, niiteni mwongo kabla sijaanza, ili tumalize. Nimeshaitwa hivyo hapa Kasongo, na watu ambao zamani walikula kwangu. Lakini nililolisikia nililisikia kwa masikio yangu haya, mchana, sikuwa nimelala wala sikuwa mgonjwa.

Mke wangu Zaina alifariki, na binti yetu Asha ameolewa Kindu. Nikabaki na kibanda changu cha kuchaji simu na kutia nyimbo kwenye kadi, karibu na msikiti, na kitu kimoja kingine: sauti ya Zaina. Siku moja aliibonyeza simu yangu bila kujua, ikamrekodi akiniita kutoka jikoni. "Baba Asha." Kisha tena, "Baba Asha, kuja, ugali inapoa." Kwetu, mtu usiyemwona akikuita mara moja, huitiki. Unangoja aite tena, maana mzimu hauiti mara mbili. Basi Zaina, kama mwanamke yeyote wa kwetu, aliita mara mbili.

Rekodi ilikuwa hafifu, imejaa mvumo. Nikanunua kaske ya kusikilizia, ile kubwa ya kufunika masikio, kwa mfanyabiashara mmoja atokaye Bukavu. Iliandikwa omu mia tatu, nami nilidhani omu nyingi ni nguvu nyingi. Kumbe omu ni kipimo cha ugumu wake kusukumwa na umeme. Nilipoichomeka kwenye simu, Zaina akazidi kuwa mbali, kama yuko ng'ambo ya Lualaba. Nikajaribu na ampli ya gari, ile ya kukuza sauti. Ikavuma tu, sauti yake ikazama humo. Nililia, sioni aibu kusema.

Mvua ilikuwa inapiga mabati alipoingia mwanamume mmoja mwembamba, akasema ametoka Wamaza kwa miguu. Niamini, viatu vyake vilikuwa vikavu. Niliviona, na bado nikampa kiti. Mpweke hachagui mgeni.

Akaitazama kaske. "Papa, hii ampli ya gari ni ya kusukuma bafle, ile spika kubwa ya omu ine," alisema. "Kaske hii iko ngumu kusukuma. Inataka ampli yake, ya kutoa volti mingi, na yenye haina makelele yake yenyewe."

Akatoa ampli ndogo kama kisanduku kwenye koti, akakiweka mezani. "Kuchagua ampli iko rahisi. Chomeka kaske peke yake, usiweke simu. Fungua sauti mpaka mwisho, usikilize. Kama iko kimya, njo muzuri."

Nikavaa. Nikazungusha hadi mwisho. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Hata mvua iliondoka. Halafu, karibu kabisa na sikio, bila mvumo wowote:

"Baba Asha."

Mara moja tu.

Ungefanya nini wewe? Mwiko niliujua tangu mtoto. Nikaitika. "Niko hapa, Mama Asha."

Nilipoinua macho, mgeni hakuwepo, na sakafuni hapakuwa na tone la maji. Nikakigeuza kisanduku. Kifuniko cha pile, betri zake, kilikuwa wazi, ndani hamna pile hata moja. Nikakimbilia simu, nikafungua rekodi ya Zaina. Sufuria inalia jikoni kama zamani. Mahali pa sauti yake hapana mtu. Kisha inatoka sauti ya mwanamume, nayo ni yangu: "Niko hapa, Mama Asha." Basi, inaishia hapo.

Kisanduku ninacho mpaka leo. Nimekitia pile, na kwa kaske ile sijaona ampli inayokishinda. Kila mvua ikinyesha navaa, nafungua sauti mpaka mwisho, nangoja aite mara ya pili. Hajaita.

Sasa sikia, wewe mwenye kaske ya omu nyingi. Tafuta ampli yenye volti nyingi, uijaribu kwa kimya chake. Hapo mgeni wangu hakudanganya. Ila kimya hicho kikikuita jina mara moja, ung'ate ulimi wako, hata kama ni mtu unayemtaka kuliko roho yako. Nilikuwa na sauti yake ikiniita. Leo nina yangu, inaitika peke yake.