Mpira wa Tisini na Sita

Mtaani mama huyu walimwita Fundi kwa sababu alishona. Chumba chake cha cherehani kilitazamana na uwanja wa shule. Alasiri, kengele ya mwisho ikishagongwa, alifunika cherehani kwa kitambaa, akatwaa begi la mipira na kuvuka barabara kwenda kuwafundisha wasichana softiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Hakuna aliyemlazimisha. Ujanani alikuwa mrushaji, na waliomwona husema mkono wake ulikuwa hauonekani, unasikia tu mpira umeshatua kwenye glavu ya mdakaji.

Hata hivyo, kwa miaka kumi na tisa hakuwa amemfundisha mtoto yeyote kurusha kwa kasi. Warushaji wake walianza kwa kupiga goti, hatua tano kutoka kwa mdakaji, wakirusha kwa kifundo cha mkono tu, mwezi mzima. Ule mzunguko kamili, mkono ukitoka chini, ukipanda juu ya kichwa na kushuka kando ya nyonga, waliupata baada ya mwaka, tena kwa upole kama mtu anayemwagilia miche.

"Lenga kwanza," aliwaambia. "Kasi itakuja yenyewe."

Haikuja. Timu ilifungwa msimu baada ya msimu, na walimu walitania kwamba wasichana wa Fundi hutuma mpira kwa posta.

Alichokiogopa hakukisema kwa mtu. Kulikuwa na sauti iliyomwandama. Haikuwa ile ya mpira kugonga ngozi ya glavu. Ilikuwa ndogo, yenye unyevu, kama tunda bivu lililoanguka sakafuni. Ilimjia mchana kweupe, akipiga pasi kola ya shati au akimimina maji kwenye beseni. Baada yake kulikuwa na kimya, kisha msichana akisema polepole, "Mwalimu, sioni." Hapo mguu wa Fundi uliganda kwenye pedali, na mteja aliyekuwa akisubiri akadhani uzi umekatika.

Mwaka huo alikuja mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, wenzake wakimwita Kamba. Siku ya kwanza hakungoja kuambiwa apige goti. Alizungusha mkono mzima, mpira ukampita mdakaji juu na kugonga wavu wa uzio hadi nyaya zikalia. Fundi alimsogelea upesi.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nimewaona wakubwa."

"Piga goti."

Kamba alipiga goti, na wiki sita zikapita. Kadiri alivyolenga, ndivyo mkono ulivyokakamaa. Mpira uliishia chini au kwenye miguu ya mdakaji. Mtoto aliyekuwa anajua kurusha sasa aliusukuma mpira kama mtu anayemsogezea mbwa mkali sahani.

Ndipo alasiri moja mama yake akaja kumchukua, bado amevaa koti jeupe la duka la dawa. Alipotaka kutazama kitu cha upande wa kushoto aligeuza kichwa kizima, maana jicho la kushoto lilikuwa la bandia. Fundi alimtambua hata kabla hajafika getini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kamba ni wako?"

"Ni wangu. Nilimkataza asikuambie. Nilitaka umfundishe kama wengine." Akageuza kichwa kumtazama binti yake. "Nyumbani anarusha ukutani mpaka jirani analalamika. Hapa anarusha kama anaomba msamaha. Umemfanya nini?"

"Namfundisha kulenga. Kasi ndiyo iliyokuumiza wewe."

Yule mama alitikisa kichwa.

"Mwalimu, niliyesimama pale na gongo mkononi ni mimi. Binti yako alirusha kwa kasi tangu mwanzo wa mazoezi na sikumwogopa, kwa sababu mipira ilipita ilikotakiwa kupita. Ule ulionipiga haukuwa hata wa kasi sana. Alikuwa hoi. Alikuwa anaburuta mguu. Na nilisikia alichokuambia."

Fundi aliketi kwenye benchi. Siku ile alikuwa na karatasi na penseli, kila mpira mstari mmoja. Kwenye wa themanini binti yake, mwenye miaka kumi na mitatu, alisema, "Mama, bega." Kwenye wa tisini akasema, "Mama, mkono hauinuki." Naye akamjibu, "Kumi tu, tumalize mia." Wa tisini na sita ukaingia jichoni mwa mtoto wa watu. Wazazi na mwalimu mkuu walipokuja kuuliza, Fundi alisema mtoto ana kasi ila hajajua kulenga, mpira umemponyoka. Binti alikuwa amesimama ubavuni pake, anasikia. Hakushika tena mpira. Alipokua alihamia mji mwingine, na kila Jumapili alipiga simu na kuongea kama anayesoma fomu.

"Mbona hukuwahi kusema?" Fundi aliuliza.

"Nilikuwa hospitali. Nilipotoka, kila mtu alikuwa ameshajua kosa ni la nani."

Kesho yake Fundi alitundika turubai kwenye uzio na kumwambia Kamba asimame. "Rusha kwa nguvu zako zote. Usilenge kitu." Mipira ilipanda hadi paa la darasa. Fundi alichora mstari wa chaki ardhini mguu uufuate, akasisitiza kiwiko kipite karibu na nyonga, na mkono ukalegea wenyewe. Baada ya miezi miwili mipira ilikuwa inapiga turubai mahali pamoja, kwa kishindo. Kila ulipofika wa arobaini, Fundi alinyoosha mkono.

"Mmoja tu, Mwalimu."

"Hapana. Lete."

Ile sauti ya tunda bivu haikumwacha. Ilizidi.

Jumapili moja, binti alipomaliza kueleza habari za mvua, Fundi akasema, "Yule mwenzio ameniletea binti yake nimfundishe." Kisha, kabla hajaogopa, "Ule mpira haukukuponyoka. Uliniambia umechoka, nikakusikia, nikakulazimisha. Halafu nikawaambia watu kosa ni lako."

Upande wa binti bomba lilisikika likimwaga maji. Likafungwa.

"Nilimwandikia barua nne za kumwomba radhi," binti alisema. "Ulinisaidia kubandika stempu, mama."

Binti akasema watoto wanamwita, na simu ikakatika.

Jumapili iliyofuata simu haikulia, wala ile ya pili. Fundi alikaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa. Jumapili ya tatu ililia.

"Huyo mtoto unamwachia mipira mingapi?" Hakukuwa na salamu.

"Arobaini."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Iwe thelathini."

"Sawa, mwanangu."

Binti hakukata simu upesi, na Fundi alimsikia akipumua.