Tezo Niliyoing'oa Gogoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta mteja wangu wa kwanza amelala mlangoni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye ukumbi wa jamii mtaani Jericho, Nairobi, nami nilikuwa nimefunga tai ya kuazima kwa mjomba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuajiriwa msaidizi wa ustawi wa jamii, kazi ambayo sikujua maana yake ila kwamba ilikuwa na meza. Nilimruka yule mlevi, nikaingia, nikamwamkia Afisa wa Ustawi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sweta ya kijivu, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Ofisi.

"Umeingiaje?" akaniuliza.

"Nimepita mlangoni, mama."

"Mlangoni kuna mtu. Umempitaje?"

"Nimemruka."

Alivua miwani akaiweka mezani. "Basi Kamau, rudi nje. Mwamshe, mpe chai, halafu ndipo uingie. Hii ya kwanza siihesabu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo ilinilea mpaka nywele zikageuka nyeupe. Kazi yenyewe ilikuwa na sura nyingi, watoto waliopotea na wajane waliofukuzwa nyumbani, lakini sehemu iliyoniandama zaidi ilikuwa ya kuwatafutia walevi mahali pa kupona. Ninaiandika kwa ajili yenu mnaoifanya leo, na kwa yeyote mwenye ndugu nyumbani ambaye amechoka naye na hajui ampeleke wapi.

Wakati ule njia zilikuwa chache. Ya kwanza ilikuwa hospitali, kwa kile tulichokiita kusafisha mwili. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu ambavyo havipo, kushikwa na degedege na hata kufa, kwa hiyo siku za kwanza zilihitaji daktari. Familia nyingi hazikujua hilo. Walimfungia mtu chumbani wakidhani wanamsaidia. Njia ya pili ilikuwa nyumba za kupona zilizoendeshwa na watawa huko nyanda za juu, mbali na mji, ambako mtu alikaa miezi kadhaa akilima, akisali na kula kwa wakati. Ya tatu tuliiita duara. Walevi walioacha na waliokuwa wakijaribu kuacha waliketi pamoja jioni katika chumba cha kanisa, wakasimuliana ukweli bila mtu wa kuwahubiria.

Mama Ofisi hakumpeleka mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika. Nilimfuata mara nyingi. Hakupitia ofisi ya mkuu wa nyumba. Alikwenda jikoni moja kwa moja, akaonja mboga, akamuuliza mpishi wangapi wanaomaliza sahani. Kisha alimuuliza mkuu swali moja: "Mtu akianguka tena, mnamfanyia nini?" Waliojibu kwamba kwao haanguki mtu, hakuwarudia. Na alikuwa na sheria iliyonichosha sana nikiwa kijana. Alisema kabla hujachagua pa kumpeleka mtu, nenda kwanza ukaketi pale atakaporudi. Uketi, si upite. Niliitii alipokuwepo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Eastleigh, chini ya Msimamizi Mkuu, bwana nadhifu sana aliyependa viatu ving'ae na mambo yaishe. Hakuwa mtu mbaya. Foleni mlangoni mwetu ilikuwa ndefu, na yeye ndiye aliyeulizwa na wakubwa. Neno lake lilikuwa moja: "Kamau, kitanda kiko wazi. Kitanda hakingoji." Kidogo kidogo nikawa mtu wa vitanda. Nyumba ikipata nafasi nilitafuta mlevi wa kuijaza, na kwa kuwa nilisifiwa kwa wepesi wangu, niliuona wepesi ule kuwa ndio ujuzi.

Ndipo Mama Ndinda alipokuja ofisini. Mumewe, Mutisya, au Baba Ndinda kama tulivyomwita, alikuwa mchonga vinyago katika karakana moja kule Pumwani, pamoja na Wakamba wenzake. Twiga wake walijulikana kwa shingo zao, kwamba zilionekana kama zimegeuka kukutazama. Lakini sasa mikono ilitetemeka mpaka anywe, na akinywa ilikosea. Alikuwa amejikata kidole gumba. Wenzake walianza kunong'ona.

"Bwana Ustawi," mama yule aliniambia, "mimi sitaki mume mpya. Nataka huyuhuyu, lakini mkavu."

Asubuhi hiyo kitanda kilikuwa wazi kwa watawa. Ilikuwa nyumba nzuri, na wapo niliowapeleka wakapona. Sikumuuliza Mutisya anataka nini, wala sikukanyaga karakana. Baada ya siku zake za hospitali nilimpandisha gari la kwenda juu, akiwa ameshika kofia yake, naye akaniaga kwa adabu. Nilirudi Eastleigh nimeridhika.

Juma lililofuata nilipita Pumwani kumpa mwenyekiti wa karakana taarifa. Ilikuwa saa ya chakula, mvua ya rasharasha ikinyesha, na wachongaji walikuwa wamekwenda kula. Kila mchongaji pale alikuwa na gogo lake alilolitumia kuegemezea kazi. Kwenye gogo moja, pembeni pasipo na paa, niliona tezo imekitwa, mpini umechongwa herufi za jina la Mutisya, inalowa. Kama huijui tezo, ni shoka dogo lenye bapa lililolazwa kama jembe, na kwa mchongaji ndiyo mkono wake wa tatu. Nikasikitika. Itashika kutu, nikafikiri, au itaibwa. Nikaing'oa, nikaifuta kwa leso yangu.

Mzee mmoja tu alibaki karakanani, Nzioka, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga msasa. Aliponiona mkono wake ulisimama. Nilimwamkia, hakuitika. Nikadhani mzee hasikii vizuri.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Ndinda, nikabisha, nikasimama mlangoni na tezo mkononi, nikitabasamu. Alinitazama usoni, akatazama mkono wangu, akapiga ukelele ambao bado naukumbuka. Aliketi chini palepale. Majirani walitoka mbio, mmoja na mwiko, mwingine na mtoto mwenye povu la sabuni kichwani, na wote walipoiona ile tezo wakaanza kulia.

Katika karakana ile, mchongaji akiondoka kwa ugonjwa, kilio au safari, hukita tezo yake gogoni. Ikiwa pale, hakuna anayeketi mahali pake, hata akikaa mwaka. Haing'olewi na mtu mwingine ila kwa sababu moja, na baada ya kung'olewa hupelekwa kwa mkewe. Mimi, mtu wa ofisi, niliyejulikana kuwa ndiye niliyemchukua, nilikuwa nimemletea mama yule habari ya kifo cha mumewe huku nikitabasamu.

Nilimwapia kwamba yu hai. Ilichukua muda kueleweka. Mwishowe alinyamaza, akajifuta uso kwa kanga, akaniambia kwa sauti ndogo, "Bwana, umemuua vizuri sana. Sasa nenda ukamfufue."

Nilirudi karakana mbio. Mbele ya gogo la Mutisya alikuwa tayari ameketi mchongaji mwingine, aliyengojea nafasi kwa muda mrefu. Mwenyekiti, Mzee Kimeu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua umekosea," alisema. "Kila mtu hapa anajua umekosea. Lakini tezo imeshatoka na mtu ameketi. Nimwambie ainuke kwa sababu gani? Kwamba serikali ilionea chuma huruma?"

Wachongaji walicheka. Mimi sikuweza.

Habari zilimfikia Mutisya kupitia ndugu yake aliyekwenda kumtembelea. Siku hiyohiyo alitoka kwa watawa kwa miguu. Nilimkuta Eastleigh, nyuma ya nyumba za wageni, ameketi juu ya kreti na kikombe cha bati mkononi. Aliniona, akainua kofia.

"Karibu, Bwana Ustawi. Samahani sitainuka. Mimi ni marehemu."

Nilimwambia Msimamizi Mkuu. Alikuwa akipangusa kiatu. "Ametoroka, ameshindikana," alisema. "Kitanda kishapata mtu mwingine." Nakiri kwamba kwa siku chache nililikubali neno lile. Lilikuwa jepesi kubeba. Kisha nikaona aibu, nikaenda Jericho kwa Mama Ofisi, nikamweleza yote.

Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Pale anapochongea, uliketi?"

"Nilisimama, mama."

"Hata siku ulipong'oa?"

"Hata siku hiyo."

"Basi ulimchagulia njia ya kwenda tu. Ya kurudi hukuichagua. Mtu atapona ili arudi wapi, Kamau? Kwako?" Akanimiminia chai. "Nenda ukaketi."

Niliomba likizo, nikaenda kuketi karakanani kwenye debe lililopinduliwa. Siku ya kwanza walinitania. "Ficheni tezo zenu, amekuja!" Mmoja alipokwenda haja alimkabidhi mwenzake ya kwake huku akinitazama kwa hofu ya kujifanya. Siku zilizofuata walinisahau, na nikaanza kuona. Asubuhi alipita mtu na kibuyu, na kikombe kikazunguka kabla ya kazi kushika moto. Waliokuwa na mikono mibaya, wenzao waliwachongea macho na masikio ya wanyama kisirisiri, ili mwenyekiti asijue. Walimpenda Mutisya kwa namna hiyo kwa miaka mingi, na huo upendo wao ulimsaidia kunywa. Haya yote yangemngoja hata kama angetoka kwa watawa akiwa mkavu kama kuni.

Nikaona jambo jingine. Kikombe kilipomfikia Mzee Nzioka, wa msasa, kilimpita bila maneno. Nilimuuliza.

"Mimi nilikunywa mpaka nikauza mlango wa nyumba," alisema. "Si ufunguo, mlango. Mke wangu aliketi ndani anaonekana na barabara nzima. Sasa kila jioni naenda pale kanisani, kwenye duara. Nikikosa siku mbili nasikia ulimi unatafuta."

"Kwa nini hukumwambia Mutisya?"

"Aliniuliza nani? Wewe uliniuliza? Ulipita hapa kama mwizi."

Ilikuwa kweli. Mahali pa kumponya palikuwa hatua chache kutoka gogo lake, nami nilikuwa nimempitisha milima yote.

Safari hii nilimuuliza Mutisya mwenyewe. Alinitazama kana kwamba nimemsemesha lugha ya kigeni. "Ningependa niwe karibu na mbao," alisema. "Na kama Nzioka, mzee mwenye mdomo ule, ameweza, labda nami." Alikubali kurudi hospitalini kusafishwa mwili kwanza, kwa sharti kwamba akitoka awe na mahali pa kuketi.

Nilimwendea Mzee Kimeu. Alifikiri, akaniambia gogo la zamani halirudi, lakini gogo jipya linaweza kuongezwa, mradi alilete yule aliyeng'oa tezo, kwa mikono yake.

Gogo gumu Nairobi hulipati ovyo. Nililipata Kiamaiko kwa wachinja mbuzi, gogo la kukatia nyama lililobonyea katikati, mchinjaji akifurahi kuliondoa. Nilikodi mkokoteni, nikausukuma mwenyewe na tai yangu shingoni. Lile gogo lilikuwa limekunywa damu na mafuta ya miaka mingi, na kabla sijafika mbali mbwa walikuwa wananifuata kwa mstari kama wanafunzi.

"Niaje, bosi!" vijana walipiga kelele nikipita Eastleigh. "Unaoa ama unazika?"

Nilifika karakanani nimelowa jasho. Wachongaji walisimama. Mzee Kimeu alilizunguka lile gogo, akalinusa, akafumba macho. "Linanuka," alisema, "lakini limekuja." Walilichonga juu mpaka likapata uso safi, wakaliweka chini ya paa, kando ya Nzioka. Yule wa kibuyu aliambiwa aanze kupitia upande wa pili. Siku Mutisya alipotoka hospitalini, mkewe ndiye aliyembebea tezo. Aliipokea, akaigeuza, akaikita kwa pigo moja. Mkono ulitetemeka kidogo. Hakuna aliyejifanya hajaona.

Msidhani hadithi iliishia hapo. Alianguka mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili tezo ilikaa gogoni mpaka aliporudi, na Nzioka alimtukana njia nzima mpaka kwenye duara. Kisha hakuanguka tena. Mimi nilipandishwa cheo, nikahamishwa tena, nikaketi kwenye madebe mengi, na vitanda viliendelea kuwa wazi bila mimi kuvikimbilia. Wapo niliowapeleka haraka kabla ya Mutisya ambao sikujua walirudi wapi. Hao ndio huniamsha usiku.

Leo nakaa Donholm, nimestaafu. Watu huja na karatasi zenye picha za vituo, bustani nzuri, vitanda vyenye mashuka meupe, wananiuliza kipi bora. Nawaambia ulizeni kama kuna daktari wa siku za mwanzo. Onjeni chakula. Ulizeni aliyeanguka hufanyiwa nini. Kisha nawauliza mgonjwa mwenyewe amesemaje, na akirudi atashika kazi gani, kati ya watu gani. Wengi huishia hapo, hukunja karatasi zao.

Mwaka jana mlango ulibishwa mchana. Nilifungua, nikamwona Mama Ndinda, mzee sasa, amevaa kanga iliyopigwa pasi. Mkononi alikuwa na tezo, mpini umelika mpaka herufi hazisomeki. Nilielewa kabla hajafungua mdomo, nikashika fremu ya mlango.

"Safari hii ni kweli, Bwana Ustawi," alisema. "Amelala tu, hakuamka. Mkavu."

Kisha akatabasamu, akaniwekea ile tezo mikononi, akangoja nimkaribishe ndani.