Kigelegele cha Muhiba

Majengo nzima, harusi aliyoikosa Muhiba ilihesabika kuwa kikao tu. Mwenyewe mwembamba, sauti yake sijui ilikuwa ikikaa wapi, lakini akipiga kigelegele hata waliofuata pilau waliacha sahani wakainua shingo. Jacklyne wa Makadara alipozaliwa, ni Muhiba aliyempokea kwa vigelegele, kwa sababu mama yake, Apondi, alikuwa rafiki yake tangu enzi walizouza nguo pamoja soko la Gikomba.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza.

Mbunge aliitisha mkutano wa maoni ya wananchi. Serikali ilitaka kupanua uwanja wa ndege, na watu wa mtaa wa Pipeline, ndege zinakopita, walishachoka na ngurumo za angani, tena waliogopa kuhamishwa. Mbunge akasema uwanja uachwe kama ulivyo. Ijengwe reli ya treni ya kasi, na wanaokwenda Mombasa kwa ndege wapande hiyo. Pipeline wakapiga makofi. Makadara walinyamaza, maana walijua reli mpya ingepita wapi: sebuleni mwao. Muhiba naye alijua. Tusimtetee, alijua.

Ila mbunge akaongeza, "Mtakunywa chai hapa, na adhuhuri mle wali Mombasa!"

Mombasa ndiko alikoolewa Nuha, binti yake mkubwa, na alikuwa amejifungua majuzi. Muhiba alikuwa hajamshika huyo mjukuu. Kigelegele cha kumpokea alikipigia kwenye simu. Basi pale mkutanoni akawa kama anamwona mtoto mikononi mwake, na koo likafunguka lenyewe. Wanawake wakaitikia, watu wakalipuka kwa shangwe, na mbunge akatangaza kwamba wananchi wameamua.

"Mathe, cheki! Umetrendi!" Khawla, binti yake mdogo, alimwonyesha kwenye simu video ya kigelegele chake ikisambaa, walipofika nyumbani. Muhiba alijitazama alivyoachama kinywa, akaona aibu.

Haukupita muda wapimaji wa reli wakafika Makadara, wakachora alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa Apondi.

"Ni mapendekezo tu, mama," alisema mwenye brashi. Rangi ya mapendekezo hayo haikutoka hata kwa mafuta ya taa.

Majuto ni mjukuu, na ya Muhiba yalikuja na mjukuu wa kweli. Chakula kilimshinda. Akikutana na Apondi sokoni alisifu nyanya, akalaumu mvua, akazungumza kila kitu isipokuwa ukuta. Alijiona mnafiki, na alikuwa mnafiki. Apondi hakumuuliza lolote. Alikuja tu kumwalika: Jacklyne anaolewa, na atatokea nyumbani, kabla nyumba haijaondoka.

"Wewe ndiye utakayemtoa kwa kigelegele, Mama Nuha."

Siku ilipofika, magari yakapiga honi, mlango ukafunguliwa, na Jacklyne akasimama kizingitini katika shela nyeupe, ile X ikiwa kando ya bega lake. Watu wote wakamgeukia Muhiba. Alifungua kinywa, ikatoka pumzi. Akajaribu tena, hakuna kitu. Wanawake wakaanza kutazamana, na bibi harusi akabaki amesimama, hajui atoke au arudi ndani.

Apondi akamsogelea, akamnong'oneza bila hasira.

"Mama Nuha, kule kwa mbunge hakuna aliyekuomba, ukapiga. Leo nimekuomba."

Kumbe Apondi alijua. Alijua siku zote, hata pale walipokuwa wakisifu nyanya.

Muhiba akapiga. Kilitoka kilekile, kizima, hakikupungua hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wanawake wakaitikia kama walivyoitikia siku ile. Jacklyne akacheka, akavuka kizingiti, na watu wakamfuata kwenye magari. Apondi hakuwafuata mara moja. Alikuwa amewapa mgongo, kiganja chake kikiwa juu ya ile X ukutani.