Mzee wa Kilburn Alipokuja Ofisini

Sisi Wazanzibari wa London hatukuwa tukipeana habari za msiba kwa simu. Mtu yuko peke yake kwenye fleti yake, umwambie mama yako kafa, kisha ukate? Hapana. Ndugu wa nyumbani walikuwa wakimpigia mzee mmoja wa mtaa wa Kilburn, mstaafu wa posta, naye akavaa kanzu na koti juu yake, akapanda treni mpaka mlangoni kwako. Maskini hakuwa na kosa, lakini hakuna aliyefurahi kumwona. Harusini watu walimjazia pilau kisha wakakaa mbali naye. Mimi mwenyewe nikikutana naye Kilburn, nilivuka barabara.

Mwaka ule mama alikuwa amelazwa Unguja, akingoja upasuaji. Daktari hakuficha: kwa umri wake, huenda asiamke. Dada yangu aliyekuwa akimuuguza aliniahidi kwamba siku ya kuingizwa chumba cha upasuaji atanipigia, niongee na mama kwanza. Sikutaka zaidi ya hapo. Nilitaka kumsikia, na yeye anisikie. Nikampa dada namba ya ofisini, maana chumba nilichofanyia kazi kilikuwa chini ya ardhi na simu ya mkononi haikushika humo.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya mizigo ya ndege, Hounslow, nami ndiye niliyetunza mtandao. Asubuhi ya siku ile firewall ikafa. Firewall ni bawabu wa mtandao: kila kinachoingia na kutoka hupita kwake, naye hukagua kama kina ruhusa. Ikifa, barua pepe haziendi, mizigo haifuatiliki, na kwetu hata simu za mezani zilinyamaza, kwa sababu tulikuwa tumezihamishia kwenye mtandao huohuo. Nikamfikiria dada, nikaharakisha.

Nilitoa mashine ya akiba kwenye boksi lake na kuirudishia mipangilio kutoka kwenye nakala niliyokuwa nimeihifadhi. Ikakubali. Barua pepe zikaanza kuingia. Nilikuwa bado naitazama, mara binti wa mapokezi akashuka, akaniambia kuna mzee wa kanzu na kofia nyeupe ananitaka.

Nikajua. Sikulia. Nilisema inna lillahi kimoyomoyo, nikaitazama mikono yangu juu ya kibodi, nayo ilikuwa imetulia kabisa. Nikamwambia yule binti ampe chai, nakuja. Nyumbani adhuhuri ilikuwa imeshapita, kwa hiyo ama wanamswalia ama wameshamzika. Hata ningepanda ndege saa ileile nisingewahi. Na maadamu sijapanda ngazi, hakuna aliyeniambia.

Nikarudi kwenye mashine. Simu zilikuwa bado hazifanyi kazi, maana ile nakala niliichukua kabla hatujazihamisha, na kanuni za kuruhusu simu zipite hazikuwamo. Ilinibidi niziandike upya kwa mkono. Niliziandika taratibu, kanuni moja baada ya nyingine, bila kukosea, na mimi ni mtu wa kukosea sana. Zilipokubali nikahifadhi nakala mpya, nikahakikisha inafunguka, nikafuta meza. Meza haikuwa na vumbi. Kisha ndiyo nikapanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeniweka hivi? Dada yako kanipigia tangu asubuhi. Simu ya office haiiti, mobile yako haipatikani, na namba nyingine ya London hana ila yangu. Wanataka kumuingiza theatre mama yako, mwenyewe kagoma mpaka akusikie."

"Mama yuko hai?"

"Yuko hai. Nani kakwambia kafa?"

Niliitazama kanzu yake. Naye akashusha macho akaitazama, akaelewa, akageukia dirishani.

Nilipiga kwa simu ya mapokezi. Dada akapokea akilia, akisema madaktari wamechoka kungoja, akampa mama. Nilitarajia furaha inibomoe pale pale, mbele ya wageni. Haikuja. Nilikuwa nimeshamzika kule chini, na sikujua namna ya kumrudisha. Akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Akaniuliza baridi, nikasema ipo. Nikamwambia Mungu akusahilishie, mama, kama unavyomwambia jirani.

Nikasikia mtu anamhimiza.

"Mwanangu, una nini? Sauti yako kama ya mtu aliyefiwa."

"Kazi tu, mama. Nimechoka."

"Basi kapumzike," akasema, akarudisha simu.

Hakuamka. Sauti aliyoondoka nayo ni ile.