Maji ya Jumatatu

Kazi yangu ni kukagua viwanda vinavyojisifu kwamba havidhuru mito wala viumbe vyake, na naipenda kupita kiasi. Siku ile niliposhuka garini, chini kidogo ya Kirua Vunjo, mbele ya kiwanda kinachochanganya mbolea, buti za mpira nilikuwa nimeshazivaa tangu Moshi mjini. Dereva alinicheka njia nzima.

Kabla sijafika getini nilisimamishwa na mama mmoja mwenye ndoo kichwani. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkaguzi?"

Nikamwambia ndiyo. Akatua ndoo. Kihamba chake cha migomba na kahawa kiko upande wa chini wa kiwanda, na mto unapita nyuma yake, lakini tangu samaki walipoelea wamekufa, enzi za mwenye kiwanda wa zamani, hakuchota tena humo. Alikuwa anapanda mlima hadi bombani kumtafutia maji ng'ombe wake, maana kwetu ng'ombe hukaa bandani, majani na maji humfuata huko huko.

"Maneno ya kitaalamu mtapelekeana huko mjini," alisema. "Mimi niambie kitu kimoja tu. Ng'ombe wangu nimpe maji ya mto huu, au nisimpe?" Akayagusa magoti yake. "Haya yamechoka."

Ndani nilipokelewa na bwana mazingira wa kiwanda, mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole, anayeionea fahari kazi yake mpaka raha. Alinionyesha bwawa la kuchujia maji machafu, kisha miti ya miringaringa aliyoipanda ukingoni mwa mto, imejaa ndege. Majibu yake ya maabara yalikuwa masafi, mwezi baada ya mwezi. Masafi mno, na mimi kitu kisafi mno hunikosesha raha.

"Maji unachota lini?"

"Jumatatu asubuhi, dada. Siku zote. Napenda kuanza wiki na mto."

Nilicheka kwa sauti, sikuweza kujizuia. Mtu aliyezaliwa mlimani asingechagua siku hiyo. Jumapili watu wako kanisani, hakuna anayemwagilia. Mifongo, ile mifereji ya wazee tunayogawana maji yake kwa zamu, inafungwa yote, na maji yanashuka mtoni. Jumatatu asubuhi mto umefura, unaweza kuficha uchafu wowote. Njoo Alhamisi, mashamba yakinyweshwa kila upande, ukute kinachobaki.

Nilipomweleza, uso ulimshuka.

"Kwa hiyo muda wote huu nimekuwa nikipima Jumapili yenu?"

"Ndiyo, kaka."

Nilidhani atajitetea. Badala yake alisema, "Basi rudi Alhamisi. Na mimi nataka kujua."

Alhamisi mto ulikuwa umekonda, mawe yote nje. Tulijaza chupa za maabara, lakini chupa husimulia habari za siku moja. Mimi niliwataka wadudu: lava wanaoishi chini ya mawe miezi mingi kabla ya kuota mbawa. Hao hawajui Jumapili wala Jumatatu, kila kinachoshuka kinawapitia, na maji yakiharibika ndio wa kwanza kufa. Nikaingia mtoni chini kidogo ya bomba linalomwaga maji ya kiwanda, nyuma kabisa ya kihamba cha yule mama.

Jiwe la kwanza, tupu. La pili, tope. Bwana mazingira alikuwa amechuchumaa ukingoni. Nikasogea kwenye maji yaendayo kasi, nikageuza jiwe kubwa kwa mikono miwili, nikaliinua juani.

Kitu kikatembea. Bapa, kidogo kama punje ya mchele, mikia mitatu nyuma. Kikatembea kingine. Mara jiwe zima likawa linatembea! Nilipiga kelele kama mwendawazimu.

"Wapo! Njoo uone, wapo!"

Aliingia majini na viatu vyake vya ofisini. Tuligeuza mawe mpaka migongo ikatuuma, na karibu kila jiwe walikuwepo. Sijui nani alianza kucheka, ila nakumbuka yeye ndiye aliyefuta machozi.

Majibu ya maabara yalipotoka, maji ya Alhamisi hayakuwa mazuri kama ya Jumatatu, lakini yalikuwa ndani ya kiwango kwa mifugo na kwa watu. Nilimchukua bwana mazingira, tukaenda moja kwa moja kwa yule mama.

"Mpe, mama," nilimwambia nikiwa bado nahema. "Ng'ombe mpe."

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akashuka mtoni na ndoo yake, akachota kikombe, akamkabidhi bwana mazingira. Mwenzangu akanitazama, hajui afanye nini.

Kwetu anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, huinywa yeye kwanza, ili uone haina sumu. Nikamweleza hivyo, nikamwambia, "Maji yametoka kiwandani kwenu. Onja."

Akanywa yote. Mama akamkazia macho kitambo kirefu, kama anayesubiri aanguke. Hakuanguka. Mama akajaza ndoo mpaka ukingoni, akamsukumia miguuni.

"Haya, baba, twende bandani," alisema. "Leo utanibebea wewe."