Nondo wa Dhahabu na Kandambili ya Mama Mkwe

Kwa jina la Mola aliyemvika mdudu hariri kabla mfalme hajapata joho, tunaanza. Watu wa habari hii ni watatu: mtumishi wa chumba cha wadudu katika makumbusho, ambaye mtaa mzima humwita Bwana Hadubini, mkewe, na mama wa mkewe, aliyekuja kuuguza goti. Wa nne ni nondo, naye ni marehemu.

Saa kumi na mbili asubuhi, Bwana Hadubini yuko uani na fulana yake, anachungulia ukuta uliomulikwa na taa usiku kucha. Wa kijivu, anampita. Wa kahawia, anampita. Anamtaka mmoja tu: mwenye mstari wa dhahabu, tena dume.

Jike alimpata mwaka jana, ukutani hapa hapa, wala hajapata kuelezwa na mwanachuoni yeyote. Lakini wahariri wa jarida walikataa kuchapisha bila dume. Nondo wengi hufanana mbawa kama mapacha. Kinachowapambanua ni viungo vya uzazi vya dume, kwenye ncha ya tumbo, ambavyo kila aina ina umbo lake, mithili ya ufunguo na kufuli. Na jumba jingine la makumbusho nalo limekwisha kumwona nondo huyo. Atakayetangulia kuchapisha ndiye atakayempa jina.

Sasa kazi hiyo utamweleza vipi mkweo?

“Miaka yote nilimwambia natazama mbawa,” anasema Bwana Hadubini, macho chini.

Mara, pah! Mama mkwe anatoka bafuni, kandambili mkononi.

“Mwanangu, nimekuulia mdudu. Alitaka kuingia kwenye mtandio wangu!”

Bwana Hadubini anapiga magoti. Mbawa zimekuwa unga. Dhahabu imebaki kwenye soli. Tumbo, alhamdulillahi, ni zima, tena ni la dume.

“Umeniokoa, mama! Tumbo limesalimika!”

“Tumbo la nini, nawe hutazama mbawa?”

Mkewe anajiziba mdomo asicheke. “Mwambie, baba watoto. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.”

Anaeleza, akiikodolea macho sakafu. Mama mkwe anasikiliza hadi mwisho.

“Yaani binti yangu nilimwoza mchungulia tupu za wadudu?”

“Ni elimu, mama. Tena ni kwa hadubini.”

“Na kioo cha kukuzia juu yake!”

Maelezo yamekwisha kupelekwa kwa wahariri, na kandambili imehifadhiwa makumbushoni kama ushahidi wa ile dhahabu. Bwana Hadubini anatumai nondo ataitwa kwa jina la mkwewe.

“Jina langu? Kwenye mkia wa mdudu? Thubutu!” alisema bibi huyo. Lakini baada ya sala ya alasiri alimwita mkwewe kando.

“Hilo jina, likishaandikwa, hufutwa?”

“Halifutwi, mama.”

“Basi waambie wasikosee herufi. Na kandambili yangu nitarudishiwa lini?”

Mola amponye bibi goti, amzidishie mkwewe subira, na nondo waliobaki ukutani awape umri mrefu, awakinge na ile kandambili ya pili. Amin.